Kuitafuta na kuiondoa kodi iliyojificha kwenye kura: mwongozo kwa shehia za Unguja na Pemba

Kuandikishwa kuwa mpiga kura Zanzibar ni bure, na siku ya uchaguzi hakuna anayedai senti mlangoni mwa kituo. Hata hivyo wapo watu wanaoifikia karatasi ya kura wakiwa wametumia pato la siku kadhaa, na wapo wanaokatia njiani kwa sababu hawana cha kutumia. Gharama hiyo haimo katika sheria yoyote. Imetawanyika kwenye nauli, kopi, picha, safari za "njoo kesho" na siku za kazi zilizopotea, na kwa kuwa imetawanyika hakuna anayeijumlisha. Mwongozo huu unaonesha namna ya kuijumlisha, kujua inatoka mlango gani, na kuidai iondolewe. Unawafaa wasaidizi wa sheria, vikundi vya mwani, kamati za wavuvi, vijana wa shehia, na masheha wenyewe, yaani wakuu wa shehia, eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar.

Kwanza ijue kodi yenyewe

Kodi ya kura iliyoandikwa waziwazi inajulikana zaidi kwa Marekani ya kusini. Virginia ilitoza dola 1.50 kwa mwaka. Fedha hiyo ilionekana ndogo, lakini ukali wake ulikuwa kwenye masharti: mtu alitakiwa awe amelipa ya miaka mitatu iliyotangulia, tena miezi sita kabla ya uchaguzi, wakati hata wagombea hawajasikika. Aliyekosa tarehe alikosa kura. Waliolengwa hasa walikuwa Wamarekani weusi, na wazungu maskini wakazolewa pamoja nao. Marekebisho ya 24 ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa Januari 23, 1964, siku kumi na moja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, yakaifuta kodi hiyo kwenye uchaguzi wa ngazi ya taifa tu. Kwenye uchaguzi wa majimbo iliendelea mpaka Machi 24, 1966, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua katika kesi ya Harper dhidi ya bodi ya uchaguzi ya Virginia kwamba kuwa na fedha au kutokuwa nazo hakuhusiani na sifa ya kupiga kura.

Katikati ya miaka hiyo miwili kuna jambo ambalo kila anayefanya kazi hii alishike. Virginia ilipoona kodi imefungiwa mlango kwenye uchaguzi wa taifa, ilileta karatasi: asiyelipa kodi awasilishe cheti cha makaazi, kilichothibitishwa na mwanasheria wa viapo au kushuhudiwa, miezi sita kabla, kila mwaka wa uchaguzi. Mahakama ilikifuta cheti hicho mwaka 1965. Kodi ilikuwa imevua shuka la fedha ikajitanda shuka la karatasi na tarehe. Kwa hiyo unapokagua shehia yako, usikomee kuuliza "wanatoza shilingi ngapi?" Uliza pia karatasi gani inatakiwa, inapatikana wapi, na mwisho wake lini.

Sisi nasi tunayo yetu. Katika uchaguzi wa Julai 1957, wa kwanza Zanzibar, waliopiga kura walikuwa wanaume tu, tena waliotimiza masharti ya mali, kipato au kusoma. Wanawake waliingia Januari 1961. Watu wazima wote, bila masharti hayo, waliingia Julai 1963. Thamani ya kila aliyeingia ilionekana mapema: katika huo uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Anayekwambia "mmoja akikosa si kitu" mkumbushe Chake Chake.

Leo msingi wa kisheria uko wazi. Ibara ya 7 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa haki ya kupiga kura Mzanzibari aliyefikia miaka 18, na Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inafanya hivyo kwa raia wa nchi nzima. Utaratibu wa uchaguzi wa Zanzibar umo katika Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya 2018. Tafuteni nakala ya sheria hiyo, muiweke shehiani. Mabishano mengi kwenye meza ya uandikishaji huisha pale kifungu kinapofunguliwa na kusomwa.

Andikeni safari za watu kumi na wawili

Msianze na mkutano wa hadhara. Mkutano huleta malalamiko ya jumla, na malalamiko ya jumla hujibiwa kwa ahadi za jumla. Anzeni na watu kumi na wawili, na wachagueni kwa hali zao: vijana wawili, wa kike au wa kiume, waliotimiza miaka 18 mwaka huu, wanawake wawili wa mwani, wavuvi wawili wanaokwenda dago (kambi ya uvuvi ya muda), wazee wawili waliopotelewa na kitambulisho, watu wawili wenye ulemavu, na wanawake wawili walioolewa kutoka shehia nyengine. Ukipita hapo utaanza kusikia yale yale.

Kila mmoja aelezee safari yake tangu alipoamua kutafuta Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi mpaka alipopata, au aliposhindwa kupata, kitambulisho cha kupigia kura, ambacho wazee bado wanakiita shahada. Bila cha kwanza huandikishwi kwa cha pili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya gharama hutokea kabla mtu hajaiona meza ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC).

Namna ya kuuliza ina uzito wake. "Uliombwa fedha?" ni swali baya, mtu anaogopa, anasema hapana. Muulize: "Siku ile ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulipita wapi kwanza? Ulimkuta nani? Alikwambia urudi lini?" Fedha itajitokeza yenyewe ndani ya hadithi. Andika maneno yake, na usitie jina. Andika namba, na orodha ya majina aiweke mtu mmoja mwaminifu mbali na daftari.

Daftari liwe na safu saba: tarehe, mahali, karatasi iliyotakiwa, fedha iliyolipwa, je, stakabadhi ilitolewa, nauli, na saa zilizotumika. Hii hapa hesabu ya mwanamke wa Kojani anayelima mwani. Bei ni za kufanyia mfano. Nyinyi wekeni za kwenu. Anavuka kwa mashua, tuseme shilingi 500, kisha gari mpaka Wete, tuseme 1,500. Kwenda na kurudi ni 4,000. Mara ya kwanza ameambiwa cheti chake cha kuzaliwa kina herufi iliyokosewa. Mara ya pili amepeleka kilichosahihishwa. Mara ya tatu amekwenda kuchukua kitambulisho. Safari tatu, 12,000. Kopi na picha, 3,000. Siku tatu hakushuka pwani, na kwa makisio yake siku moja ni 7,000. Hiyo ni 21,000. Jumla 36,000. Ukimuuliza kitambulisho kilikuwa shilingi ngapi atakwambia bure, naye hakusema uongo.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kuhesabu stakabadhi tu. Katika mfano huo siku za kazi peke yake zimezidi nusu ya gharama yote, na herufi moja ya cheti ndiyo iliyozaa safari nzima. Kosa jengine ni kuongeza chumvi. Tarakimu moja ya kubuni ikigunduliwa, daftari zima linatupwa. Mtu asipokumbuka nauli, mwende pamoja mpaka kituo cha gari mkaulize.

Gharama inatoka mlango gani?

Daftari likijaa, pitieni kila shilingi na kila saa mkiulize swali moja: nani anaweza kuiondoa hii kesho asubuhi akitaka? Jibu ndilo linaloonesha barua yenu iende wapi.

Kuna fedha inayodaiwa bila sheria. Ibara ya 138 ya Katiba ya Muungano inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na inalihifadhia Baraza la Wawakilishi mamlaka yake ya kutoza kodi. Kwa hiyo mtu akidaiwa "ya karatasi", "ya mhuri" au "ya usumbufu", aombe mambo mawili kwa adabu: jina la sheria au kanuni, na stakabadhi. Mara nyingi dai huishia hapo. Likiendelea, andika siku, saa, mahali, kiasi na cheo cha anayedai, kisha peleka kwa mkubwa wake, na baada yake kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi. Usimtangaze mtu mitandaoni kabla ya hapo. Kesi ya kashfa itakula nguvu zote za kikundi.

Kuna gharama ya masafa. Hii huondolewa kwa kuleta huduma karibu: maofisa wa vitambulisho kufika visiwa vidogo kama Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza kwa siku zilizotangazwa, badala ya watu mia kuvuka mmoja mmoja. Hesabu yenu ndiyo itakayozungumza. Ikiwa watu 60 wa kisiwa kimoja wanatumia 12,000 kila mmoja kwa nauli, hiyo ni 720,000, na boti moja ya maofisa kwa siku mbili inaweza kuwa nafuu kuliko hapo. Iwekeni hesabu hiyo mstari wa juu wa barua.

Kalenda ndiyo inayosahaulika kabisa, na visiwani kwetu ndiyo yenye kuumiza zaidi. Kituo cha uandikishaji hufunguliwa shehiani kwa siku chache. Zikiangukia bamvua, wanawake wa mwani hawapo. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji huwa makavu kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kabla ya saa mbili wako njiani kushuka pwani na hawapandi mpaka maji yamerudi. Anayefika mchana amechoka, amelowa, na foleni ni ndefu. Chukueni kalenda ya Kiislamu, zungushieni siku za mwanzo wa mwezi na za katikati yake, kisha ilinganisheni na ratiba ya Tume mara tu inapotoka. Zikigongana, ombeni moja kati ya haya mawili: siku zisogezwe kwenye maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakauki sana, au kituo kikae wazi hadi jioni. Ombi la pili hukubalika kwa wepesi zaidi kwa sababu halivurugi ratiba ya shehia nyengine.

Karafuu nayo ina kalenda yake. Msimu mkubwa ukianza katikati ya mwaka, watu wa Pemba huhamia kambini, wengine wilaya nyengine kabisa, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Siku asiyopanda mkarafuu hana kitu. Uchaguzi mkuu wetu huwa Oktoba. Mwenye shamba anayetaka kutenda haki awaachie wachumaji siku hiyo na asubuhi ya siku inayofuata, na makubaliano hayo yafanyike wakati wa kupatana bei ya pishi, si siku moja kabla ya kura.

Makaazi: pale haki inapopotea kimyakimya

Katika uchaguzi wa 1995 sharti la kuishi jimboni lilikuwa miaka mitano. Baadaye likateremshwa kuwa miezi 36 mfululizo. Someni kifungu chenyewe kinachotumika sasa hadi mwisho wake, wala msikomee sentensi ya kwanza, maana misamaha huandikwa chini.

Wanaonaswa hapa ni watu wa safari. Mvuvi anayekaa dago miezi mitatu hajahama. Mke wake, watoto wake na nyumba yake viko pale pale. Lakini jina lake likiulizwa na jirani akasema "huyu hayupo siku nyingi", limeshachafuka. Kinga yake ni ndogo na haina gharama. Kabla ya kuondoka ampitie sheha, amwambie anakwenda dago gani na atarudi lini, na amuombe aandike kwenye daftari la shehia. Akirudi amwambie tena. Atunze pia karatasi mbili tatu zenye jina lake na mahali anapoishi: risiti ya umeme au maji, kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya skuli. Aziweke pamoja kwenye mfuko wa plastiki, zisilowe.

Mwanamke aliyeolewa shehia nyengine asisubiri mwaka wa uchaguzi kuhamisha taarifa zake. Huko alikotoka ataambiwa ameondoka, na huku alikohamia ataambiwa bado hajafika. Aende kwa sheha wa shehia mpya ndani ya wiki za mwanzo, na tarehe ile iandikwe, kwa sababu hesabu ya muda wake itaanzia hapo.

Na asiyekidhi masharti ya daftari la wapiga kura la Zanzibar asidhani amekosa kila kitu. Rais wa Jamhuri ya Muungano na Wabunge huchaguliwa chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na raia anayeishi Zanzibar bila sifa za daftari la ZEC anaweza kuandikishwa kwa kura hizo. Ni meza nyengine, fomu nyengine na ratiba nyengine. Watu wengi hukataliwa kwenye meza moja wakarudi nyumbani bila kujua ya pili ipo.

Ukikataliwa

Kataa kuondoka na jibu la mdomo. Hakuna haja ya sauti kubwa. Mfundisheni kila mtu maneno machache, ayazoee kabla:

"Mwanangu, nimekuelewa. Sasa niandikie sababu kwenye karatasi, tia tarehe na saini yako."

"Bi mkubwa, fomu hiyo haipo hapa."

"Basi niandikie kwenye karatasi tupu, nami nitangoja. Na Sheha atanishuhudia kuwa nimefika leo."

Uamuzi wa maandishi ndio unaofungua njia ya rufaa mahkamani. Bila karatasi hakimu hana cha kupitia. Muda wa rufaa ni mfupi na huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo jioni ile ile jalada lifunguliwe: nakala ya kitambulisho, karatasi ya kukataliwa, ushahidi wa makaazi, na maelezo ya ukurasa mmoja yaliyosainiwa na mwenyewe na mashahidi wawili waliokuwepo. Wasaidizi wa sheria wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, chenye ofisi Unguja na Pemba, wanasaidia kuandaa.

Daftari la wapiga kura linapobandikwa shehiani kwa ukaguzi, nendeni na orodha ya watu wenu kumi na wawili na familia zao. Angalieni jina, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. Ali Khamis Ali na Ali Hamis Ali ni watu wawili mbele ya mashine. Angalieni pia waliofariki. Kuyataja majina ya marehemu yaondolewe ni kulinda kura za waliohai, na ukoo wenyewe ndio ulete taarifa na cheti cha kifo, isionekane jirani anamfuta jirani.

Barua inayojibiwa

Barua iwe ukurasa mmoja, ombi moja, mwenye uwezo mmoja. Siku na vituo vya uandikishaji: Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Kitambulisho cha mkaazi na vyeti: Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Sharti lililomo ndani ya sheria: Mwakilishi wa jimbo, kwa kuwa sheria hubadilishwa kwa mswada katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, na kamati ya Baraza hupokea maoni ya wadau kabla ya mswada kujadiliwa. Sharti linalogongana na Katiba: Mahkama Kuu, kupitia wakili. Kubadilisha Katiba yenyewe kunahitaji theluthi mbili ya Wawakilishi, hivyo msianzie huko kwa jambo ambalo ofisa wa wilaya angelimaliza.

Mfano wa kiini cha barua: "Ratiba imepanga shehia yetu siku tatu zilizo ndani ya bamvua. Wakulima wa mwani 84 wa shehia hii hushuka pwani kabla ya saa mbili. Tunaomba kituo kikae wazi hadi saa kumi na mbili jioni kwa siku hizo tatu. Orodha ya vikundi imeambatishwa." Hakuna kulaumu ndani yake, na anayeisoma anajua hasa afanye nini. Nakala moja mgongewe mhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Wiki mbili zikipita kimya, andikeni ya pili mkitaja tarehe ya ile ya kwanza.

Mnapoomba vituo vya huduma, ombeni kwamba visiambatane na ukusanyaji wa ada nyengine yoyote. Uingereza ilipoleta kodi ya kichwa, Scotland 1989 na England mwaka uliofuata, kuna watu waliojiondoa kwenye daftari la wapiga kura ili wasionekane na wakusanyaji. Kodi yenyewe ilifutwa 1993. Meza ya wadai ikiwekwa karibu na meza ya uandikishaji, wenye madeni hawatasogea hata kama hakuna aliyewafukuza.

Siku yenyewe

Usafiri upangwe na majirani, kwa mchango wa majirani. Gari la mgombea linalomchukua mzee bure limemdai tayari. Asiyeona ana haki ya kuchagua mwenyewe mtu wa kumsaidia, na jina la msaidizi huyo liamuliwe nyumbani, lisiamuliwe na wapanga foleni. Wenye kulea watoto wachanga wapeane zamu: mmoja abaki na watoto wanne, mwengine aende, wabadilishane.

Kitambulisho cha kura kisishikwe na mtu mwengine hata kwa nusu saa, awe kiongozi wa chama, tajiri wa karafuu au mume. Mtu akija kukusanya vitambulisho "vya kuorodhesha", mwambieni aje na karatasi aandike namba mkiwa mnamtazama, kisha mpelekeeni sheha habari yake siku hiyo hiyo.

Baada ya uchaguzi daftari lifunguliwe tena mbele ya watu wale wale kumi na wawili. Kila mmoja aseme alipiga au hakupiga, na kama hakupiga, alikwama wapi. Andikeni gharama mpya pembeni ya ile ya mwanzo, kwa wino mwengine. Nakala moja ibaki kwa sheha na nyengine kwa kikundi, na tarehe ya kuanza upya iandikwe kwenye jalada: mwaka mmoja na nusu kabla ya uchaguzi unaofuata, wakati marekebisho ya cheti cha kuzaliwa bado yana muda wa kukamilika.